Mikono ya Malkia

Kornel hakai. Nimeshona ukuta kwa ukuta na karakana yake hapa mtaani Kizwite tangu Ipyana wangu yuko mgongoni, sasa Ipyana ana ndevu, na sijawahi kumwona yule mwanaume akimaliza kikombe cha chai amekaa. Hunywa amesimama mlangoni, jicho liko barabarani, mguu unapiga sakafu kama anaendesha cherehani. Nikimwambia, "Baba Sharon, kaa, kiti hakina miiba," ananijibu, "Nakuja, Mama Ipyana," halafu nasikia pikipiki inawaka. Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu, nilipohamia hapa nilifikiri labda Wafipa wote wako hivyo. Wapi! Wafipa wana utulivu mpaka unakereka. Ni yeye tu aliyezaliwa na moto chini ya nyayo.

Kazi yake ni kuchora. Anaandika mabango ya maduka, namba za bodaboda na maneno ya Mungu kwenye malori ya mahindi, lakini kilichompa jina kuanzia Laela mpaka Namanyere ni sura za marehemu. Mtu akifariki, ndugu wanamletea Kornel picha ya kipande, mara nyingi ile ya kitambulisho cha kupigia kura, ambayo mtu anaonekana kama amekamatwa na polisi. Kornel anamkuza. Anamchora kuanzia kichwani hadi magotini, amekaa kwenye kiti cha heshima, mikono imelala mapajani. Picha hiyo inatangulia mbele ya jeneza, na baada ya mazishi inatundikwa sebuleni, kando ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na hapo ndipo marehemu anapoishi.

Sasa picha ya kipande inaishia mabegani. Kiti kinatoka wapi? Mikono inatoka wapi? Nilikaa miaka sijajiuliza, mpaka siku aliponionyesha kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha sista mmoja Mjerumani aliyetibu watu kwenye zahanati ya misheni. Alipozeeka wakamrudisha kwao, vitu vyake vikagawiwa. Mmoja akapata baiskeli, mwingine akapata cherehani (mimi nilikuwa wapi siku hiyo?), na Kornel, kijana aliyekuwa amechora Njia ya Msalaba kwenye kigango chao, akapewa kitabu kikubwa kisicho na jalada, kimejaa picha za watu zilizochorwa na Wajerumani wa karne ya kumi na tisa. Kijerumani hakijui. Aliyemsomea ni Padri Adolfu, ambaye alisoma huko Ulaya, na hata yeye alisoma kwa kuruka kama mtu anayevuka matope kwa viatu vya misa.

Katika wachoraji wote mle ndani, watatu ndio waliomkaa Kornel kichwani. Wa kwanza ni Winterhalter, mtoto wa kijijini kabisa ambaye aliishia kuchora malkia na wake za wafalme wa Ulaya. Mwanamke akichorwa na huyo, hata kama alikuwa na sura ya kawaida, alitoka anang'aa, na mikono yake laini, vidole vimechongoka, huwezi kuamini kuwa vimewahi kumenya kitunguu. Wa pili ni Lenbach wa Munich, fundi wa wakubwa wa serikali, ambaye alikuwa akitumia picha za kamera kuchorea. Kornel aliposikia hilo alikipigia kitabu saluti. "Huyu ndiye mwenzangu," alisema. "Naye alikuwa anatumia vipande."

Wa tatu ni Leibl. Huyu aliuacha mji mwenyewe, akaenda kuishi na wakulima. Kuna picha yake ya wanawake watatu kwenye benchi la kanisa, mmoja msichana na wawili watu wazima, na padri alisema ilimchukua zaidi ya miaka mitatu, nao wakaja kweli kukaa mbele yake. Kazi isipomridhisha aliikata vipande, akabakiza kipande chenye uhai.

"Miaka mitatu!" Kornel alicheka mpaka akakohoa. "Mimi ndugu wanataka kesho asubuhi, jeneza liko njiani. Na kukata kazi yako mwenyewe, huo ni wazimu."

Kwa hiyo alimchukua Lenbach kwa ajili ya nyuso na Winterhalter kwa ajili ya mikono. Rangi aliigeuza ikawa yetu, lakini mikono ilikuwa ile ile, wa kulia umelala juu ya wa kushoto, kidole cha mwisho kimeinuka kidogo. Kila bibi aliyezikwa Ufipa na picha ya Kornel alizikwa na mikono ya malkia. Wanaume hawakumsumbua. Mkono mmoja aliuficha ndani ya koti, mwingine akaufunika na kofia.

Nilimuuliza kwa nini asitumie mikono ya wale wakulima wa Leibl, maana ile ilikuwa mikubwa, ina mifupa, angalau inafanana na ya watu wetu.

"Niliwahi," alisema. "Mteja akaikataa. Aliniambia, mama yangu amelima maisha yake yote, mpe mapumziko angalau kwenye picha. Ningebishana naye?"

Basi mambo yakaenda hivyo, na yangeendelea, kama mama yake asingekuja kliniki.

Mama Silvana, na Silvana ni jina lake mwenyewe, alikuwa anaishi kijijini Mpui pamoja na Lucia, dada mkubwa wa Kornel. Alikuwa mwembamba, mrefu, kitambaa cheupe kichwani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na sokoni, kinatosha kusali na kinatosha kukataa bei. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba. Daktari akasema moyo umetanuka, akampa vidonge, akawaambia watoto wampeleke nyumbani, ale anachopenda, apumzike. Mtu mzima akiambiwa ale anachopenda, kila mmoja anajua maana yake.

Alipotoka hospitali alikaa dukani kwangu akimsubiri Kornel. Siku hiyo, kwa bahati mbaya au nzuri, kwenye karakana ya Kornel kulikuwa na picha ya marehemu Bertilla, dada yake Mama Silvana, imerudishwa kuwekewa fremu mpya. Siku ya mazishi ya dada yake, mama alikuwa mgonjwa kitandani, hakuwa ameiona. Kornel alipofika, akainuka, akaingia huko, akasimama mbele yake.

"Huyu nani?"

"Si mama mkubwa Bertilla huyo, mama," Kornel akasema.

Bibi akasogea karibu. Mimi nilitegemea alie, nikawa nimeshaandaa kanga ya kumpa ajifute. Hakulia.

"Uso ni wake. Mikono ya nani?"

"Mikono ni mikono, mama. Nimempumzisha."

"Umempumzisha mpaka nashindwa kumwamkia." Akamgeukia Kornel kabisa. "Dada yangu mkubwa, nimemkuta mlangoni, natakiwa nichuchumae nimpigie makofi. Nimpigie nani? Mikono hii haijawahi kumjibu mtu. Haijashika hata mwiko."

Hapa nieleze kwa wageni wenzangu. Huku wazee wa Kifipa hawaamkiwi kwa kupita. Unachuchumaa, unakunja viganja kidogo, unapiga makofi taratibu, sauti nzito ya chini, na mzee anakujibu kwa makofi yake. Vijana wa mjini wameliacha hilo, wanatupa shikamoo na mguu mmoja umeshafika kona. Mimi nilipofika mara ya kwanza nilidhani wananishangilia.

"Mimi usinifanyie hivi," Mama Silvana alisema. "Nichore mimi. Na unichore ningali naona, niikague."

Kornel akajibu ndiyo mama, ndiyo mama, kama tunavyowajibu wazee. Lakini maneno yale yalimwingia. Kuanzia wiki ile akawa hakamatiki. Mkewe Monika yuko Kabwe, ananunua dagaa na migebuka kule ziwani, anapanda huku kuuza, kwa hiyo wa kumsikiliza nikawa mimi. Akipeleka bango la duka kijijini, anaomba maji ya kunywa ili aingie sebuleni aone picha zake. Akirudi, anasimama mlangoni kwangu na kofia ngumu kichwani.

"Nimetoka Laela, Mama Ipyana. Nimeingia nyumba tatu. Mikono ni ile ile. Yule bibi aliyekuwa anafinyanga vyungu, yule mkunga, yule wa kilabu cha pombe. Wote mkono mmoja. Nimezika mwanamke mmoja miaka yote hii."

"Kwani wenyewe wamelalamika?"

"Hawajalalamika. Ndiyo inayoniuma."

Na kusema kweli wateja walikuwa wameanza kupungua, vijana wa stendi wanachapisha uso wa marehemu kwenye turubai, rangi zote, dakika chache umemaliza. Angeweza kuacha mambo ya marehemu akabaki na malori yake. Badala yake alikuja kununua marekani kwangu, kitambaa kizito, dhiraa za kutosha, akakiwamba kwenye mbao na kukipaka rangi nyeupe. Alisema Leibl hakuchora wale wanawake kwa kipande. Alisema mama yake atachorwa akiwa amekaa mbele yake, anapumua, na picha iishe kabla moyo ule haujachoka. Hicho ndicho alichokuwa anakimbizana nacho, na sote tulijua.

"Twende wote," akaniambia. "Wewe una mdomo. Uwe unaongea naye asisinzie."

Nilitaka kukasirika. Nikaenda.

Jumapili ya kwanza ilikuwa Julai, upepo wa Ufipa unakata masikio, nyasi zimekauka pande zote za barabara. Mimi nimetoka kwenye ibada yetu ya Moravian, yeye ametoka misani, tukapanda pikipiki na ule mtumba wa mbao na kitambaa mgongoni kwangu, kila upepo ukivuma nusura nipae. Tulipofika Mpui, Kornel akapiga kelele injini ikiwa bado inanguruma, "Shikamoo mama!"

Bibi alikuwa barazani kwenye kigoda, anapepeta ulezi. Hakuitikia mpaka injini ilipozima.

"Marahaba nimpe nani, wewe au pikipiki?"

Mimi nikachuchumaa, nikapiga makofi yangu ya Kinyakyusa ya kubahatisha. Akafurahi sana, akanijibu kwa makofi yake, mazito, ya taratibu. Kornel alikuwa ameshaanza kufungua kamba za mizigo.

Lucia alitoka ndani amefunga kanga kifuani, akaona zile mbao na kile kitambaa cheupe.

"Kornel, umekuja kumpima mama sanda?"

"Dada, ni picha tu."

"Picha tu! Nani katika nchi hii amechorwa na wewe akabaki? Nitajie mmoja." Akanigeukia mimi. "Na wewe mama wa watu, unamsindikiza katika hili?"

Alikuwa anasema kweli. Mama Silvana ndiye aliyemnyamazisha, kwa Kifipa, maneno machache. Lucia akaingia ndani, akagonga sufuria moja baada ya nyingine ili tujue msimamo wake.

Jamani, nilikuwa nadhani Kornel ni fundi. Na ni fundi, kwa watu wasiosogea. Mama yake alitafuna karanga, akageuka kufukuza kuku, akacheka nilipomweleza habari za mume wangu, akakunja uso jua lilipozunguka. Kila Kornel alipoinua macho kutoka kwenye kitambaa, uso aliouacha haukuwepo tena.

"Tulia, mama!"

"Nitatulia sana tu, mwanangu. Usiwe na haraka."

Akafuta. Akaanza upya. Akafuta. Akasimama kuangalia mnyororo wa pikipiki. Akarudi. Akaenda kuongea na simu nyuma ya nyumba. Nami nikabaki pale na bibi yule, namwona anamfuata mtoto wake kwa macho huku na huku, kama mtu anayetazama kuku aliyeingia sebuleni. Jua lilikuwa bado juu Kornel alipofunga kamba. "Nakuja Jumapili, mama," akasema, tukaondoka.

Tulienda hivyo Agosti, tukaenda Septemba. Nilikuwa nikimtukana njia nzima, wala hasikii kwa upepo. Nilimwambia mzee yule hataki picha, anataka mtu. Akaniambia picha kwanza, kukaa baadaye. Nilikereka naye mno. Lakini nikiangalia mgongo wake pale mbele yangu, ulivyokakamaa, nikamwonea huruma pia. Alikuwa anaogopa. Kwa miaka mingi alikuwa ametazama sura za watu waliokufa, nazo hazikumtazama, na sasa kuna sura inamtazama, na ni ya mama yake.

Kitu kimoja nilikiona mimi, yeye hakukiona. Pale barazani kila anayepita alimwamkia bibi. Mwanamke ametoka kisimani, anashusha ndoo, anachuchumaa, anapiga makofi. Bibi anaweka ungo chini, anajibu. Mzee na baiskeli yake, vivyo hivyo. Wakati huo wa salamu uso wa bibi ulikuwa umegeukia kwa mgeni, Kornel hawezi kuuchora, basi kwa hasira za kusubiri brashi ilikuwa inafanya kazi kule chini, kwenye mikono. Hakuwa na habari nayo. Kwake ile ilikuwa kupoteza muda. Jumapili baada ya Jumapili mikono ikawa inajaa pale kwenye kitambaa, viganja vimekunjwa, vinakaribia kukutana, mshipa juu ya gumba, na kidole cha shahada cha kushoto, kimepinda kama chake mwenyewe.

Oktoba miguu ya mama ikavimba mpaka ndala hazimtoshi. Kornel akachanganyikiwa. Siku moja katikati ya juma niliingia karakanani kwake kuomba tapentaini, nikakuta kile kitambaa, na juu yake, kimebanwa kwa pini, kitambulisho cha mama cha kupigia kura. Kornel alikuwa anapaka uso haraka haraka, kama zamani.

"Baba Sharon! Unafanya nini?"

"Namalizia."

"Hukusema utamchora yeye mwenyewe?"

"Muda umeisha, Mama Ipyana!" Hajawahi kunipigia kelele kabla ya hapo. "Muda umeisha na siwezi. Unaelewa? Siwezi!"

Nilirudi dukani kwangu bila tapentaini. Nilishona mfuko wa suruali ya mtu ndani nje siku ile.

Jumapili iliyofuata mvua za kwanza zilikuwa zimeanza kunyesha, ardhi inanuka vizuri. Mama Silvana hakuweza kutoka nje kuja barazani, tukamkuta kitandani, ameegemea mito, dirisha liko wazi. Kornel akaifungua picha mbele yake. Uso ulikuwa umekamilika, safi, kila kitu mahali pake, macho yametazama mbele.

Bibi aliutazama. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoumiza zaidi.

"Huyo ni yule wa kura," alisema. "Siku ile nilikuwa na njaa, na yule kijana wa kamera alinifokea."

Kornel alisimama pale akiwa na picha mikononi. Halafu akageuka, akaona mkasi wangu kwenye kikapu, maana nilikuwa nimebeba gauni la bibi la kupindia. Akauchukua. Nikafikiri anajidhuru, nikapiga yowe, Lucia akaja mbio kutoka jikoni. Lakini alikuwa anakata kitambaa. Marekani yangu nzito, imekauka kwa rangi, ilikuwa inalia kwenye mkasi kama mtu anatafuna mahindi makavu. Akaukata uso wote, mabega yote, akautupa chini. Kilichobaki kilikuwa kipande cha upana wa trei ya chai, mikono tu.

Akakiangalia, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alikiona.

"Lete," mama akasema.

Akampa. Bibi akakishika kwa mbali, akakisogeza karibu, akakilaza mapajani, akaiweka mikono yake mwenyewe kando yake. Akagusa kile kidole kilichopinda kwenye picha, kisha akagusa chake. Akacheka mpaka moyo ukamkaba, ikabidi Lucia amshike mgongo.

"Hawa ni mimi," alisema, Kiswahili kikamponyoka kwa furaha. "Kornel, hawa ni mimi."

Lucia akamwegemeza tena kwenye mito. Mvua ikaanza kupiga bati.

"Sasa njoo ukae," mama akamwambia, akipapasa kitanda kando yake. "Picha imeisha. Kaa."

Nilimwangalia Kornel. Moyoni nilikuwa nasema, kaa wewe mwanaume, kaa, kaa. Alitazama dirishani, mawingu yalikuwa meusi upande wa mjini, na huko mjini kulikuwa na lori ambalo mwenye nalo alikuwa analitaka asubuhi likiwa limeshaandikwa.

"Nakuja, mama," akasema. "Ngoja niwahi kabla mvua haijazidi. Jumapili nitakuja nikae kabisa."

"Haya," mama akasema.

Jumapili hiyo haikumkuta mama. Alifariki alfajiri ya Ijumaa, Lucia akiwa anamchemshia uji.

Msiba ulikuwa Mpui. Nilikwenda na wanawake wenzangu wa hapa mtaani, tumekodi gari. Lucia, kwa kumwonea mdogo wake huruma au kwa kutomwamini, alikuwa ameshaagiza turubai kule stendi, lile la kuchapisha: uso wa kitambulisho umekuzwa, maua pembeni, tarehe ya kuzaliwa na ya kufa. Likasimamishwa uani mbele ya jeneza. Kornel hakupinga. Aliweka kipande chake kwenye meza ndogo kando, kwenye fremu aliyoichonga mwenyewe, halafu akaanza kukimbia. Alisimamia viti. Alikwenda kuleta maji. Alibishana na wachimba kaburi kuhusu kina. Nilimwona mara ngapi sijui akipita mbele ya ile meza bila kugeuza shingo, na moyo ukaniuma, nikatamani kumshika ukosi.

Watu wakaanza kupita kutoa heshima. Walifika kwenye turubai, wakafanya ishara ya msalaba, wakasogea. Kisha akaja bibi mmoja jirani, yule wa ndoo ya kisimani. Akapita kwenye turubai, akajifanyia msalaba, akafika kwenye meza. Akasimama. Akaangalia vile viganja viwili vilivyokunjwa, vinakaribia kukutana.

Akashusha kanga, akachuchumaa chini, akapiga makofi. Taratibu, sauti nzito ya chini.

Hakuna aliyemwambia. Aliyemfuata naye akachuchumaa. Akaja mzee wa baiskeli, magoti yakalia, akachuchumaa. Uani yakabaki makofi tu, mtu mmoja mmoja, kila mmoja anapiga na kungoja kidogo, kama vile wanavyongoja mzee ajibu. Katika mazishi yote niliyohudhuria Ufipa sikuwahi kuona picha inaamkiwa. Lucia akaliinua turubai, akalirudisha nyuma, akaisogeza ile meza ikakaa mbele kabisa. Kile kidole kilichopinda, aliniambia baadaye, kilivunjika mama alipoanguka shambani na yeye Lucia akiwa mchanga mgongoni, akauweka mkono chini ili mtoto asijigonge.

Kornel alikuwa ametokea nyuma ya nyumba na ndoo mbili. Akaona. Akaziweka ndoo chini, moja ikamwagika, hakuigeukia.

Akaja mpaka mbele ya meza. Mwanaume mzima, suruali ina rangi za malori. Akachuchumaa. Makofi yake ya kwanza hayakukutana vizuri, kama ya mtu aliyesahau. Akarudia. Akarudia tena, taratibu, mpaka yakatoka sawasawa.

"Mama," akasema. "Nimekuja."

Akakaa chini, palepale kwenye tope la ile ndoo, miguu ameinyoosha, haitikisiki. Mtu mmoja akamwita kuhusu gari, hakuitika. Lucia akaenda jikoni, akarudi na kikombe cha chai, akampa mkononi. Akainywa yote, amekaa.